Ya Pili kutoka Mwisho

Kuna nchi moja, wala si ya kwetu, Mungu apishe mbali, ambako miradi huzinduliwa kwanza, kisha ndiyo hujengwa. Wenyewe hawaoni ajabu. Mtoto, wanasema, hupewa jina kabla hajajua kutembea. Kwa hiyo wana Wizara ya Uzinduzi na Ujenzi. Idara ya Uzinduzi ina ghorofa nne na zulia jekundu linalokunjwa na kukunjuliwa na watumishi walioajiriwa kwa kazi hiyo tu. Idara ya Ujenzi ina chumba kimoja, nyuma ya choo cha wageni.

Katika chumba hicho alifanya kazi mhandisi mmoja, binti mdogo mdogo, jina lake Namsifu. Kazi aliipata kwa sababu ya jina. Siku ya usaili mwenyekiti alilisoma, akatabasamu, akauliza, “Unamsifu nani, binti?”

“Mungu,” akajibu Namsifu, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeongea na kifaranga.

Mwenyekiti hakusikia. Akaandika: *Anamsifu Mlezi wa Taifa*, maana ndivyo walivyomwita mtawala wao. Akaajiriwa palepale.

Sauti hiyo ndogo ilimsumbua baba yake tangu zamani. Baba yake alikuwa Mwalimu Elinaza, aliyefundisha sarufi maisha yake yote, na nusu ya watu wazima wa mji ule walikuwa wamepita mikononi mwake. “Mama,” alizoea kumwambia bintiye, maana alimwita mama, “sema na mkazo. Neno bila mkazo ni uji bila unga. Ni maji ya moto tu.”

“Nasema, Baba.”

“Unanong’ona. Sema: *barabara*.”

“Barabara.”

“Ipi? Ukisema bara-BA-ra, ni njia ya kupita magari. Ukisema ba-RA-bara, ni kitu kilicho sawasawa. Mkazo ukihama, mama, umeshika kitu kingine kabisa mkononi.”

Baba na binti waliishi wawili tu. Mama yake Namsifu alikuwa amezikwa ng’ambo, kwenye shamba la ukoo, na kati ya ng’ambo na nyumbani palikuwa na Korongo la Vumo. Zamani Mwalimu alishuka korongo lile kila Jumapili baada ya ibada, akapanda upande wa pili, akapalilia kaburi, akarudi jua likiwa limeegama. Kisha magoti yakakataa. Sasa alikuwa akikaa kwenye jiwe ukingoni, amevaa koti lake la ibada, akiyatazama majani ya masale aliyoyapanda kaburini. Kutoka pale yalionekana kama kidole kimoja cha kijani.

“Hujambo, mama Namsifu?” aliuliza kwa sauti, kama mtu anayepiga hodi. “Leo pia nimefika hapa tu.”

Basi Wizara ilipozindua Daraja la Vumo, ambalo halikuwapo, na kumwamuru Namsifu alichore ili lisiendelee kutokuwapo, binti yule alilichora kwa moyo wote. Lilikuwa daraja la kuning’inia: kebo mbili nene kutoka ukingo hadi ukingo, na kutoka kwenye kebo zikishuka nondo, moja baada ya nyingine, kushika sakafu ya mbao. Kila nondo alipoipigia hesabu, aliipigia kwa ajili ya magoti mawili.

*

Nondo zilipoletwa, Namsifu alizipima, akapima tena, akakaa chini kwenye mchanga. Zilikuwa na nusu ya unene aliouchora.

Alikwenda kwenye kikao cha Wizara. Waziri, Mheshimiwa Mapambano, alikuwa mtu mnene mwenye furaha, na sifa yake kubwa ilikuwa hotuba. Katika nchi ile, mtu akihutubia kwa hoja nzito husemwa *ameshusha nondo*, na Mheshimiwa Mapambano alikuwa ameshusha nondo nyingi kuliko kiwanda chochote cha chuma.

“Mheshimiwa,” akasema Namsifu, “nondo zilizoletwa ni nusu ya kipenyo.”

“Nusu!” Waziri akapiga meza. “Tumepiga hatua. Mradi uliopita hatukuletewa kitu.”

Wakacheka. Namsifu akasubiri wamalize, maana ndivyo alivyolelewa.

“Kipenyo kikiwa nusu, Mheshimiwa, uso wa nondo ukiikata unabaki robo. Mzigo ni uleule. Kwa hiyo mkazo unakuwa mara nne.”

“Chuma chenyewe ni kibovu?”

“Hapana. Chuma ni kizuri. Ni chembamba.”

“Sasa Mhandisi, kama chuma ni kizuri, na wewe huku nyuma unakisema, si ndiyo kusengenya kwenyewe huko?”

Katibu Mkuu, mtu wa busara, aliinua kalamu. “Mheshimiwa, naomba tusiwe wagomvi. Kilichopungua kwa unene tukirudishe kwa urefu. Nondo ziwe ndefu mara mbili. Hesabu italingana.”

“Urefu hausaidii, mzee wangu,” akasema Namsifu, na sauti yake ilikuwa imeshafika kwenye meza na kuishia hapo. “Mkazo hauangalii urefu. Nondo ndefu itavutika zaidi tu, irefuke, halafu ikatike.”

“Itarefuka?” Waziri akageuka. “Yaani yenyewe? Bila bajeti? Jamani, si ndiyo maendeleo hayo!”

Namsifu akauliza chuma kilichobaki kilikwenda wapi. Watu wakakohoa. Ikaelezwa kwamba chuma hakikupotea, chuma kilikuwa kimepandishwa cheo. Kiliyeyushwa, kikatengenezwa Uso wa Mlezi wa Taifa, mkubwa kama mlango wa ghala, na Uso huo ungening’inizwa kwenye daraja hilohilo. “Kwa hiyo,” akasema Katibu Mkuu kwa upole, “kila kilo uliyoichora itakuwa darajani. Hakuna iliyoibwa.”

“Lakini mwanzo ilikuwa inabeba,” akasema Namsifu. “Sasa inabebwa.”

Hakuna aliyesikia. Waziri alikuwa bado analitafuna lile neno lingine. “Amesema mkazo mara nne? Mimi katika hotuba hutilia mkazo mara moja tu, na wananchi hulia. Nondo zetu zimetilia mara nne!”

Wakapiga makofi. Hata hivyo Katibu Mkuu hakupenda Wizara iamue jambo lisilo lake. Suala la mkazo, alisema, lina wenyewe. Likapelekwa Baraza la Lugha.

*

Baraza la Lugha lilikuwa na wajumbe saba, na tangu liundwe Serikali haikuwahi kuliuliza swali. Mjumbe wake mkongwe alikuwa Mwalimu Elinaza. Siku aliyoitwa Wizarani alinyoa ndevu, akavaa lile koti la ibada, akapanda ghorofa nne kwa magoti yake mwenyewe, ngazi moja moja, na hakulalamika.

“Mwalimu,” akauliza Waziri, aliyewahi kuchapwa naye darasa la nne, “shikamoo. Taifa linataka kujua. Mkazo huangukia wapi?”

Mwalimu alifumba macho. Miaka yote ile alikuwa akisubiri mtu mkubwa amuulize hivyo.

“Marahaba. Isipokuwa maneno machache ya kigeni, mkazo huangukia ya pili kutoka mwisho.”

“Ya pili kutoka mwisho!” wakarudia wote kama darasa.

Laiti angesema *silabi*. Lakini alikuwa anazungumza na watu aliowafundisha mwenyewe, akaona ni kuwatukana kuitaja. Na kwa kuwa silabi na nondo ziko katika ngeli moja, *ya pili* ikakaa vizuri kote kuwili. Waliandika kwamba, kwa mujibu wa mtaalamu, mkazo wa daraja utaangukia nondo ya pili kutoka mwisho, upande wa ng’ambo. Na kwa kuwa pahali penye mkazo ndipo pahali pa heshima, Uso wa Mlezi utundikwe hapohapo.

Mwalimu alirudi nyumbani anapiga mluzi. Namsifu alikuwa jikoni anamenya muhogo.

“Mama! Wameniuliza!”

“Wamekuuliza nini, Baba?”

Akamweleza. Kisu kikasimama mkononi mwa binti.

“Baba, hawakuuliza mkazo wa maneno.”

“Kwani kuna mwingine?”

Hapo Namsifu alitambua kwamba katika miaka yote ya chuo hakuwahi kumweleza baba yake anasoma nini. Alichukua muhogo mnene, akaukata katikati. Akachukua mwembamba wenye nusu ya unene ule, akakata vipande vinne. Akasimamisha ule mnene mezani, uso juu.

“Fikiria kuna mzigo unauvuta huu. Uso wote huu unagawana. Kila chembe inavuta kidogo, haichoki. Huo mgao wa kila chembe ndio tunaouita mkazo.” Kisha akapanga vile vipande vyembamba juu ya uso wa ule mnene, kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne. “Inabidi viwe vinne ndipo uso ulingane. Wao wameleta kimoja. Mzigo haukupunguzwa. Chembe chache zimebaki kufanya kazi ya wote. Chuma kina ukomo wake, Baba. Kikivuka ukomo hakisikii amri.”

Mwalimu alivihesabu vile vipande kwa kidole.

“Kumbe ni neno moja,” akasema polepole, “lenye mizigo miwili.” Kisha uso wake ukabadilika. “Mama. Nimewapa silabi, wao wamepokea nondo.”

Muhogo ule haukupikwa siku hiyo.

*

Asubuhi alirudi Wizarani kusahihisha. Katibu Mkuu alimpokea kwa chai. Alimweleza kwa huzuni ya kweli kwamba kauli ya Baraza, ikishapokelewa na Serikali, haiwezi kusahihishwa na Baraza, kwa sababu Baraza liko chini ya Serikali, na Serikali haikukosea, bali ilipokea.

“Watoto wa shule watavuka wa kwanza,” akasema Mwalimu. “Nimesikia.”

“Ndiyo, wenye bendera. Na wewe utakuwa mgeni wa heshima. Kipaza sauti kitakuwa pahali pako, mbele ya Uso, pale kwenye mkazo. Utasema neno, kisha watoto watapita.”

“Naweza kusema neno lolote?”

“Lolote, Mwalimu. Taifa lina uhuru wa kusema. Ila vipaza sauti ndivyo vichache.”

Mwalimu alimaliza chai, akashukuru.

Siku ya sherehe Namsifu alisimama mlangoni, akauziba mlango kwa mwili wake mdogo.

“Huendi.”

“Kipaza sauti kiko kule, mama.”

“Nitasema mimi. Nitasimama ukingoni nipige kelele.”

Baba yake akamtazama kwa upendo uliokaribia kuwa kicheko. “Wewe? Ukipiga kelele hata paka wa jirani hageuki. Sauti ya kuwasimamisha watoto mia inataka mtu aliyekula vumbi la chaki.” Akamshika bega. “Na uzito wangu ni nini? Pima, wewe ndiye mhandisi.”

“Si wewe, Baba. Ni ule Uso wa chuma.”

“Basi nitakuwa mwepesi. Nitasema, nitawarudisha, nitageuka.” Akafunga vifungo vya koti. “Au nitamalizia kuvuka. Nikifika ya pili kutoka mwisho si nimeshafika? Mama yako ataniona nimevaa vizuri.”

Binti akasema, “Baba, tafadhali.” Lakini alisema kama alivyosema kila kitu, na baba akambusu kichwani, akapita.

*

Watu walijaa ukingoni. Bendi ilipiga. Mheshimiwa Mapambano alishusha nondo kwa muda mrefu akiwa juu ya udongo, maana kiongozi, alisema, hutangulia kwa mawazo. Ng’ambo, Uso wa Mlezi ulining’inia ukitabasamu, na nondo iliyoushika ilikuwa nyembamba kama uzi kwenye jino la mtoto.

Mwalimu Elinaza alivuka daraja zima peke yake, akishika kamba, goti moja, goti la pili. Alipofika kwenye kipaza sauti alikuwa amebakiza hatua chache kufika ng’ambo. Masale hayakuwa tena kidole. Yalikuwa majani, na yalitikisika.

“Ndugu zangu,” akasema. “Nondo hizi ni nyembamba. Msivuke.”

Umati ukalipuka kwa shangwe.

“Nilikosea. Mkazo niliousema ni wa silabi. Huu mwingine utaua watu!”

“Shusha, Mwalimu! Shusha nondo!”

Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa hawajasikia mtu akisema jambo la kweli kwenye kipaza sauti tangu siku nyingi, wakadhani ni mtindo mpya wa hotuba. “Shusha nondo!” waliimba, na bendi ikaudaka wimbo, na mtu wa Idara ya Uzinduzi akapunga kitambaa, na watoto wenye bendera wakaingia darajani wakikimbia. Mbao zikaanza kucheza.

Hapo Mwalimu aliachana na kipaza sauti. Alinyanyua mkono, akatoa sauti ya darasani.

“DARASA! SIMAMA!”

Watoto wakasimama. Wakasimama na wazazi wao, na polisi, na bendi, na Mheshimiwa Mapambano akasimama na mikono akaipeleka nyuma.

“Geuka! Mstari mmoja! Bila kusukumana, tembea!”

Wakatembea. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyesukuma. Namsifu aliwapokea ukingoni mmoja mmoja, akiwashika mikono, macho yake yakiwa kule. Mtoto wa mwisho alipokanyaga udongo, Mwalimu alivua kofia, akawageuzia kisogo watu wote wale, akatazama ng’ambo. Ilionekana kama anasema kitu. Alinyanyua goti.

Nondo ya pili kutoka mwisho ilikatika. Iliyofuata ikarithi mzigo, nayo ikakatika, na nyingine, kama mtu anayefungua vifungo vya koti.

*

Serikali ilitangaza maombolezo makubwa. Bendera zilishushwa nusu mlingoti kwa ajili ya Uso wa Mlezi, uliopata ufa shavuni. Taarifa ya habari ilieleza kwa kirefu jinsi Uso ulivyoanguka kwa ushujaa, na mwishoni ikasema kwamba ulisindikizwa na mwananchi mmoja.

Tume ikaundwa. Ilitaka kwanza kukishtaki chuma kwa kukosa uzalendo. Namsifu aliitwa kama shahidi, akaja na kile kipande kilichokatika. Pale kilipokatikia, chuma kilikuwa kimekonda taratibu kabla ya kuachia, kikawa na shingo nyembamba, kama ya mtu aliyeshinda njaa ili wengine wale.

“Msikishtaki,” alisema. “Kilijitahidi. Kilivutika mpaka kikakonda hivi. Kosa si la chuma.”

“Kosa ni la nini basi?” akauliza mwenyekiti.

“Mkazo ulizidi.”

Tume ikashusha pumzi. Mshtakiwa alikuwa amepatikana, na hakuwa mtu wa chama.

Bunge liliketi siku ileile na kuufuta mkazo. Kuanzia saa hiyo ilikuwa marufuku mkazo kuangukia kitu chochote ndani ya mipaka ya nchi. Watangazaji wakaanza kusoma habari kama wanaosoma namba za simu. Akina mama wakabembeleza watoto kwa sauti iliyonyooka kama meza. Wapenzi walitongozana, wakashindwa kuelewa kama wamekubaliwa. Wizara ndiyo iliyofaidika zaidi: kwa kuwa bara-BA-ra na ba-RA-bara hazikuwa tena na tofauti, ilitangazwa kwamba barabara zote nchini ni barabara.

Mwalimu Elinaza alizikwa ng’ambo, kando ya mkewe. Daraja halikuwapo, kwa hiyo jeneza lilishuka korongo mabegani mwa watu aliowafundisha, likapanda upande wa pili, wakipokezana kila walipochoka. Ndivyo alivyovuka. Mchungaji alisoma maneno ya faraja bila mkazo, na maneno yakapita juu ya kaburi kama maji juu ya jani la mgomba. Askari mmoja alikuwa ametumwa kusikiliza.

Watu walipomaliza kufukia, Namsifu alipiga magoti. Alipanda sale moja upande wa baba, akalishindilia udongo kwa vidole. Kisha yule binti ambaye hata paka wa jirani hakuwahi kugeuka kwa ajili yake, alifungua kinywa, akaita.

“BAba!”

Ikagonga ukuta wa korongo. Ng’ambo ya pili watu waliokuwa sokoni wakageuka. Mtoto mmoja wa shule akaanza kulia bila kujua kwa nini.

Askari alitoa kalamu. Sheria ilikuwa wazi na kosa lilikuwa wazi. Lakini naye aliwahi kukaa dawati la mbele, na aliyesoma kwa Mwalimu Elinaza hawezi kujizuia. Aliligawa lile neno silabi mbili, akahesabu kutoka mwisho: moja, mbili.

Akavua kofia. Mkazo ulikuwa umeangukia palepale alipofundishwa.